Nani anabisha? Maongezi na mwaka wa kwanza kuhusu insha ya hoja

Habari za mchana wadogo zangu. Asanteni kwa kuja, najua wengine bado mnahangaika na usajili, wengine bumu, ile pesa ya mkopo, halijaingia na akili iko huko, kwa hiyo nitaenda moja kwa moja. Nimeombwa niongee na nyie kuhusu ile asaimenti ya kozi ya stadi za mawasiliano ambayo kila mwaka inaangusha watu wengi, insha ya hoja, ile ambayo unatakiwa uchukue msimamo na umshawishi msomaji. Nimesahihisha hizi insha miaka kadhaa sasa na nimeona vijana wenye akili kabisa, wanaongea vizuri, wanabishana vizuri kule kantini, alafu wakishika kalamu wanaandika kitu ambacho hakimshawishi mtu yeyote, na inaniuma kwasababu najua uwezo wanao.

Wangapi hapa mlishawahi kusimama kwenye mdahalo sekondari? Nyoosheni mikono niwaone. Ehee, karibu ukumbi mzima. Basi mnakumbuka, Ijumaa mchana, joto kali, mmejazana bwaloni, mada imeandikwa ubaoni kwa chaki, maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, au elimu ni bora kuliko pesa, unasimama na kikaratasi chako kilichokunjwa mara nne, unaanza, mheshimiwa mwenyekiti, majaji, mtunza muda makini, wasikilizaji wenzangu na wapinzani wangu ambao leo mmekuja kushindwa, na hapo hapo upande wako wanagonga madawati hata pointi yenyewe hujaitoa. Mimi naupenda mdahalo mpaka leo, ulinitoa woga, ulinifundisha kuwaza huku nimesimama. Ila kuna kitu ulitufundisha vibaya, kwamba ukishapigiwa makofi umeshinda, na yule unayebishana naye kazi yake ni kushindwa tu.

Sasa mfikirie msomaji wa insha yako. Ni saa nne usiku, ana rundo la karatasi mezani, chai yake imeshapoa, yuko peke yake. Sura yako haijui, sauti yako haisikii, pale ulipoandika "ni dhahiri kwamba" yeye haoni mkono wako ulivyopiga meza. Upande wako wa kugonga madawati haupo. Na akikwama kwenye sentensi yako akataka kuuliza, we dada mbona hapa sikuelewi, hauko pale umjibu. Kitu hiki kimoja ndo nimekuja nacho leo, msomaji yuko peke yake na hawezi kukuuliza, kwa hiyo maswali yake yote inabidi uyasikie wewe kabla hajayauliza na uyajibu humo humo kwenye karatasi.

Mimi nilijifunza hivi. Nikiwa mwaka wa kwanza kama nyie tulipewa swali, je Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, chukua msimamo ujenge hoja. Nilifurahi sana, nikaona hii yangu kabisa, nikaandika kurasa tano kwa mkono. Sentensi ya kwanza mnaijua wote hata sijaisema, lugha ni mfumo wa sauti za nasibu zilizokubaliwa na jamii fulani ili zitumike katika mawasiliano. Ikarudi baada ya wiki mbili, nane chini ya ishirini. Pembeni ya ile sentensi ya kwanza lekchara aliandika kwa wino mwekundu, "Nani anabisha?" Paragrafu ya pili nilisema Kiswahili kina umuhimu mkubwa sana kwa taifa letu, pembeni tena, "Nani anabisha?" Ya tatu nilisema Watanzania wengi wanaamini kwamba lugha ya taifa inafaa zaidi, hapo akaandika, "Wangapi? Nani aliwauliza?" Basi, ukurasa wa nne na wa tano hakuandika kitu, alipiga mstari tu.

Nikaenda ofisini kwake nimekasirika. Akanipa kiti, akasema haya, niambie unataka nini kifanyike. Nikamwambia nataka sekondari wafundishe kwa Kiswahili. Masomo yote? Nikasita, nikasema hapana, tuanze na sayansi. Kwanini sayansi na sio historia? Nikamjibu kwasababu historia mtoto anaweza akaunga unga Kiingereza chake kibovu stori ikaeleweka, ila baiolojia asipoelewa kinachotokea anakariri tu. Umejuaje kwamba anakariri? Hapo nikamsimulia habari ya mdogo wangu, ntawaeleza sasa hivi. Na Kiingereza watajifunzia wapi? Kwenye somo la Kiingereza, kwa mwalimu aliyesomea kufundisha lugha, sio kwa mwalimu wa fizikia. Na mzazi anayetaka mwanae aajiriwe kwenye kampuni la kigeni utamwambiaje? Nikamjibu na hilo. Tulienda hivo kama dakika ishirini, mwisho akazisukuma karatasi zangu kuja upande wangu akasema, yote haya uliyonijibu humu hayamo, kaandike haya.

Nimekaa na hilo neno miaka yote. Hoja nilikuwa nazo, zilikuwa mdomoni zinasubiri mtu aulize, na kwenye karatasi hakuna anayeuliza.

Haya, tuanze na dai lako, ule msimamo wenyewe. Watu wengi wanaandika kitu ambacho hakuna binadamu duniani anakipinga. Elimu ni ufunguo wa maisha. Rushwa ni adui wa haki. Mazingira yatunzwe. Kiswahili ni muhimu. Ukiandika hivo msomaji anatikisa kichwa ndio ndio alafu analala. Kipimo chake ni kile kile cha wino mwekundu, andika sentensi yako alafu ujiulize nani anabisha, na usiseme tu "watu fulani", mtafute mtu halisi, mwenye sura, unayeweza kwenda kumgongea mlango. Kama hayupo hauna dai bado, una salamu.

Tazama lile langu linavyobadilika. "Kiswahili ni muhimu", hakuna anayebisha. "Serikali ifundishe sekondari kwa Kiswahili", hapa wapo wa kubisha ila ni pana mno, masomo yapi, kuanzia lini, vitabu viko wapi, kila atakayebisha atabishia kitu chake na huwezi kuwajibu wote kwa kurasa tano. "Baiolojia, kemia na fizikia za kidato cha kwanza na cha pili zifundishwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kifundishwe kama somo na mwalimu aliyesomea kufundisha lugha." Hapo sasa. Mwalimu wa kemia aliyefundisha kwa Kiingereza miaka ishirini anabisha, mzazi anabisha, mchapaji vitabu anauliza nani analipa, umeshapata watu wa kuongea nao. Na umeona dai lilivyorefuka? Kuna watu mmeambiwa dai zuri ni fupi, mimi sikubaliani, dai zuri ni lile ambalo ukilisoma unajua kabisa ni nini kitabadilika Jumatatu asubuhi darasani kama mwandishi akikubaliwa.

Alafu kuna hili la pointi sita. Jamani. Najua limetoka wapi, adivansi kwenye GS, yani General Studies, na Historia tulizoea swali likija unaweka utangulizi, pointi sita, hitimisho, unaondoka na maksi zako, na walimu wetu hawakutukosea, mtihani ulikuwa unataka hivo. Lakini angalia insha inavyokuwa. Kwanza Kiswahili kinajenga umoja. Pia Kiswahili kinatunza utamaduni. Vilevile kinakuza uchumi. Aidha kinarahisisha mawasiliano. Halikadhalika. Kadhalika. Ukichukua paragrafu ya pili ukaiweka ya tano na ya tano ukaileta juu hakuna kinachoharibika, na hapo ndo unajua sio hoja, ni gunia la viazi, kila kiazi kiko kivyake. Hoja ni kama kupanda ngazi, daraja la tatu halikanyagiki kama la pili halipo. Mtoto haelewi anachofundishwa, kwanini haelewi, kwasababu lugha anayofundishiwa bado hajaijua, kwanini hajaijua, kwasababu miaka saba amesoma kila kitu kwa Kiswahili na Kiingereza amekutana nacho kwenye vipindi vichache kwa wiki, kwa hiyo ukimbadilishia lugha siku ya kwanza ya fomu wani unamdai kitu ambacho haujampa. Hiyo ukiipangua inaanguka. Mimi nakushauri pointi tatu zinazoshikana, na nyingine tatu uziache, hata kama zinakuuma kuziacha.

Tuje kwenye ushahidi, na hapa nitakaa kidogo maana ndo panapomaliza watu.

Mdogo wangu alikuwa fomu tuu, nikamkuta anasoma baiolojia mezani, nikamwambia hebu niambie osmosisi ni nini. Akaitiririsha kwa Kiingereza, neno kwa neno, hajakosea hata moja, amefumba macho kama anasali. Nikamwambia haya kwa maneno yako. Kimya. Mama alikuwa anatengeneza kachumbari pale pale, nyanya na vitunguu na matango, akanyunyizia chumvi, na ikikaa kidogo mnajua inavyokuwa, bakuli linajaa maji. Nikamuuliza yale maji yametoka wapi. Akasema si chumvi imeyavuta kutoka kwenye nyanya na matango. Nikamwambia basi hiyo ndo osmosisi. Aliniangalia, akaangalia bakuli, akaangalia daftari, akasema kwa sauti ndogo, kumbe. Yani kitu alikuwa anakijua tangu mtoto na definisheni alikuwa nayo kichwani, ila vilikuwa vyumba viwili na mlango haukuwepo.

Hii stori naipenda na niliiweka kwenye insha yangu ya pili. Ila je, inathibitisha kwamba nchi nzima ibadilishe lugha ya kufundishia? Hapana, ni mtoto mmoja na kachumbari moja. Msomaji makini atasema labda mdogo wako ni mvivu, labda mwalimu wake ni mbaya, na ana haki ya kusema hivo. Kisa kama hiki kazi yake ni kumfanya msomaji aone tatizo likoje kwa karibu, ukishamwonyesha inabidi utoke nje ya nyumba yenu uende maktaba.

Na ukienda maktaba utakuta nini kwa swali hili? Utakuta kwamba shule za msingi za serikali zilihamia Kiswahili mwaka 1967. Utakuta Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, mwaka 1982 ikapendekeza sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, na pendekezo halikutekelezwa. Utakuta sera ya elimu ya 2014 iliyotaja Kiswahili kama lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na bado nyie hapa fomu wani mpaka fomu siksi mmesoma kwa Kiingereza. Wengi wakikuta hivi wanavimwaga vyote kwenye paragrafu moja, mwaka, mwaka, mwaka, alafu wanaandika "hivyo basi Kiswahili kitumike". Mwaka sio hoja. Tume ilipendekeza, sawa, na serikali ikakataa, kwa hiyo mtu wa upande wa pili naye atautumia huo huo mwaka kusema mbona wenye nchi walishalifikiria wakalikataa.

Kuna mfano mmoja nawaomba muubebe. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walitoa ripoti kuhusu Kiingereza kwenye shule zetu. Waliwapima wanafunzi wakakuta Kiingereza cha wengi wa sekondari kiko chini mno, hakitoshi kusomea masomo mengine. Sasa wewe ungehitimisha nini? Wengi mngesema basi tuhamie Kiswahili. Wao walipendekeza kinyume, kwamba Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia sekondari na kiimarishwe, na baadae ukaja mradi uliofadhiliwa na Waingereza wa kuinua ufundishaji wake. Na wasomi wetu wengine, kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamekaa miaka wakisema hali hiyo hiyo ndo sababu ya kubadilisha lugha. Ushahidi ni mmoja, watoto hawakijui Kiingereza, mahitimisho ni mawili yanayopishana kama mabasi barabarani.

Imewezekanaje? Kwasababu kati ya ushahidi na dai kuna daraja, na kila upande umejenga la kwake. Mmoja anasema, lugha isiyoeleweka lazima itumike zaidi ndo ieleweke. Mwingine anasema, lugha isiyoeleweka haiwezi kubeba somo, mtoto anapoteza vyote viwili, lugha na somo. Ugomvi wenyewe uko pale, kwenye daraja, na insha nyingi ninazosahihisha daraja halionekani kabisa, mtu anaruka kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile na anatarajia msomaji naye aruke. Kila ukiweka ushahidi, sentensi inayofuata iseme kwanini ushahidi huu unatupeleka huku na sio kule. Hiyo sentensi moja ndo ngumu kuliko zote kuandika, na ndo inayolipa.

Mwaka juzi kijana mmoja aliandika kwamba mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, kwa hiyo na shule zifuate. Ushahidi wake ni wa kweli na nikampa maksi kwa kuutafuta. Lakini nikamuuliza, mahakamani watu wanaenda kufanya nini? Kusikilizwa na kuelewa hukumu yao. Shuleni watu wanaenda kufanya nini? Kujifunza kitu ambacho bado hawana, na kwa mzazi Kiingereza chenyewe ni mojawapo ya hivyo vitu. Kwa hiyo mahakama na shule sio kitu kimoja, ulinganisho wako una tundu. Akafikiri akarudi na kitu kizuri sana, akasema sheria ile inaonyesha kwamba istilahi sio kikwazo tena, kama tumeweza kuendesha kesi kwa Kiswahili tunaweza na kemia. Mnaona? Ushahidi ule ule, kaupa kazi ndogo zaidi ambayo unaiweza.

Sasa mpinzani. Kwenye mdahalo mpinzani ni mtu wa kumchekesha ukumbi. Kwenye insha mpinzani ndo mgeni wako wa heshima, unamkaribisha, unampa kiti kizuri, unamsikiliza mpaka amalize. Nasema hivi kutoka moyoni, insha ambayo haina mpinzani mwenye nguvu mimi siiamini, naona mwandishi ameogopa.

Nawapa mpinzani halisi. Kuna mama mmoja mtaani kwetu anauza vitumbua na chai asubuhi, anaamka saa tisa usiku kuwasha moto, na hela yote anayopata analipia ada ya mwanae kwenye shule ya ingilishi midiamu. Ukienda kumwambia mama, sayansi ifundishwe kwa Kiswahili, atakuambia mwanangu, mimi Kiswahili nakijua vizuri sana na kimenifikisha hapa kwenye jiko, watoto wa wakubwa wamesoma Kiingereza wapo maofisini, kwa nini wa kwangu ndo afanyiwe majaribio? Mjibu huyo. Usinijibu mimi, mjibu yeye, na usimwambie ana kasumba ya ukoloni, kwasababu mtu anayeamka saa tisa usiku kwa ajili ya mtoto amefikiria kuliko wewe na mimi.

Na nyuma yake kuna mpinzani mkubwa zaidi. Mwalimu Nyerere, mtu aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili kuonyesha lugha yetu inaweza, ndo huyo huyo aliyekuja kusema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Ukiwa upande wa Kiswahili na usiitaje hiyo kauli unamficha msomaji jambo analolijua, na akikushika umemficha moja hatoamini na mengine.

Nilivyoandika mara ya pili paragrafu ya mpinzani ilikuwa hivi, bado naikumbuka. "Mzazi anayelipa ada ya shule ya Kiingereza hajakosea kuhusu ajira. Kazi nyingi nzuri zinadai Kiingereza na zitaendelea kudai. Anachokidai ni mtoto anayejua Kiingereza, nami nakidai hicho hicho. Tunachopishana ni njia. Yeye anaona kukisomea kemia ndo kukijua, mimi naona mtoto anayekariri kemia kwa lugha asiyoielewa anamaliza kidato cha nne akiwa hana kemia wala Kiingereza. Kwa hiyo pendekezo langu linaongeza vipindi vya Kiingereza na walimu wake, halivipunguzi." Nimekubali alipo sahihi, nimeonyesha tunapopishana ni padogo kiasi gani, alafu nikajibu hapo tu. Sikusema hata mara moja kwamba hajui. Na nikaongeza sentensi ambayo iliniuma kuiandika, kwamba bila vitabu na walimu wa lugha mpango huu utawaumiza watoto wa maskini kwanza, kwa hiyo usianze kabla hivyo havijapatikana. Dai langu lilipungua ukubwa kidogo. Lilipata nguvu.

Methali nazo. Tunazipenda, mimi nazipenda, zinapamba na zinaamsha msomaji. Ila methali haithibitishi kitu. Ukisema haraka haraka haina baraka mwenzio anakujibu ngoja ngoja huumiza matumbo, mmelingana, turudi kwenye ushahidi. Itumie pale ambapo hoja imeshasimama kwa miguu yake. Hisia pia, usiziogope, ile kachumbari inagusa na iliwekwa iguse, shida ni pale machozi yanapokuja kuziba tundu la ushahidi, msomaji anaweza asijue kwanini hajakubali ila anahisi amesukumwa.

Kuhusu madesa, yani kazi za watu wa nyuma mnazonakili, na hizi programu za akili mnemba nitasema kidogo tu, maana onyo mtapewa na wengine. Mimi shida yangu na desa la mwaka juzi au insha iliyoandikwa na mashine ni kwamba imejibu maswali ya mtu ambaye hukuwahi kukutana nae. Nikikuita ofisini nikakuuliza kwanini sayansi na sio historia, utakaa kimya kama mdogo wangu na definisheni yake. Umebeba osmosisi bila kachumbari.

Na la mwisho ambalo naliona la muhimu kwa watu wetu hasa. Insha yenyewe hapa mnaandika kwa Kiingereza, ndo hali halisi, na najua wapo humu ndani ambao hilo peke yake linawatisha, wanaanza kuhangaika na sarufi kabla hawajajua wanachotaka kusema, mwisho wanaandika kile wanachoweza kukisema badala ya kile wanachokiwaza. Usifanye hivo. Siku tatu nne za kwanza Kiingereza kiweke pembeni kabisa. Rudi hosteli, mtafute ruumeti wako, tena yule mbishi anayekukera, mwambie nina dai, nibishie. Bishaneni kwa Kiswahili chenu hiki hiki, mpaka usiku, weka simu irekodi. Kesho yake sikiliza ile rekodi uandike kila swali aliloliuliza na kila jibu ulilompa, na pale uliposema "aaah we huelewi tu" weka alama kubwa, kwasababu hapo ndo ulikuwa huna jibu na ndo maktaba inakuita. Ukishakuwa na hayo yote yamepangika ngazi kwa ngazi, ndo ukae na Kiingereza chako na kamusi na rafiki anayejua, na utashangaa kinavyokuja, kwasababu sasa kina kitu cha kubeba. Mimi nimewaona watu waliotoka shule za kata, Kiingereza chao cha kuokoteza, mmoja wao akaandika insha iliyonifanya nibadilishe mawazo yangu kuhusu bodaboda kuzuiwa mjini kati. Niliikataa hoja yake ukurasa wa kwanza nikaikubali ukurasa wa nne. Makosa ya sarufi yalikuwepo, niliyasahihisha, nikampa kumi na saba.

Haya, tumebakiwa na kama dakika kumi na tano kabla ukumbi haujachukuliwa. Toeni karatasi kila mtu, hata nyuma ya ile fomu ya usajili, sawa tu. Andika sentensi moja, dai lako, kitu chochote unachokiamini kweli, iwe mkopo wa elimu ya juu, iwe simu shuleni, iwe bei ya nauli. Ukimaliza usinipe mimi, mpe aliyekaa kushoto kwako. Na wewe uliyepokea, soma taratibu, alafu chini yake andika jina la kazi au sura ya mtu ambaye angelibishia hilo dai, na swali la kwanza ambalo angeliuliza. Kama humwoni wa kubisha mrudishie aandike upya. Mimi ntakuwa napita kati kati ya viti, nyoosha mkono nikufikie.